Mtoto Mdadisi na Masomo ya Likizo

Kila ufikapo mwezi wa Juni, na tena ufikapo mwezi wa Desemba, shule zetu za msingi hufungwa, na watoto hurejea mikononi mwa wazazi wao. Hapo ndipo swali la siku zote huzuka upya katika kila nyumba: mtoto huyu afanye nini mpaka shule itakapofunguliwa? Wako wasemao apumzike. Wako wasemao awasaidie wazazi wake shambani, gengeni au jikoni. Na wako wengine, hasa mijini, wasemao aendelee kusoma, ama kwa mwalimu wake, ama kwa mwalimu mwingine wa kulipwa. Katika makala haya hatukukusudia kuuamua ubishi huo kwa niaba ya wazazi. Tumekusudia kulitazama swali lililojificha chini yake, ambalo ni swali la maadili: je, tuna deni gani kwa mtoto anayependa kujua? Na deni hilo, tukishalikubali, tutalilipaje bila ya kumdhulumu mtoto mwenziwe?

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Sisi wa bara twasema shule, neno tulilolipokea kwa Wajerumani. Ndugu zetu wa Zanzibar husema skuli, neno walilolipokea kwa Waingereza. Maneno hayo mawili ni watoto wa mama mmoja. Yote yametoka katika Kilatini, na Walatini nao walilichukua neno hilo kwa Wayunani wa kale, ambao kwao skhole maana yake ilikuwa ni wasaa, yaani ule wakati ambao mtu hasukumwi na kazi. Basi kwa asili ya neno lake, shule si mahali pa kukimbizana. Ni mahali ambapo mtu mwenye nafasi hukaa akayatazama mambo kwa sababu yanampendeza kuyatazama. Ajabu iliyoje, kwamba leo tunalazimika kungoja shule ifungwe ndipo mtoto apate wasaa! Lakini tusiwasifu Wayunani kupita kiasi. Wasaa wao ulibebwa na migongo ya watumwa. Mmoja aliketi kutafakari nyota kwa sababu mwingine alikuwa akimtekea maji. Jambo hilo tuliweke akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Neno udadisi nalo halina sifa njema sana vinywani mwetu. Tukimwita mtu mdadisi, mara nyingi tunamaanisha kwamba huingilia yasiyomhusu. Mtoto aulizaye mno mbele ya wageni huambiwa hana adabu, na mama yake huona haya. Wako waliodhani, kwa ajili hiyo, kwamba utamaduni wetu ni adui wa maswali, na kwamba udadisi ni kitu kilicholetwa na vitabu vya wageni. Maoni hayo hatukubaliani nayo. Waliotuachia msemo wa kuuliza si ujinga hawakuwa wageni. Adabu za wazee wetu zilimfundisha mtoto wakati wa kuuliza na namna ya kuuliza, hazikumkataza kuuliza. Aliyezigeuza zikawa kufuli la mdomo ni yule mtu mzima asiyependa kusumbuliwa, naye hupatikana katika kila taifa.

Tuukumbuke usiku wa vitendawili. Kazi za mchana zimekwisha, chakula kimeliwa, watoto wamekizunguka kikoa cha moto. Mmoja anasema, "Kitendawili!" Wenziwe wanaitikia, "Tega!" Kila mtoto hulitafuta jibu kwa kulinganisha vitu alivyoviona kwa macho yake: yai, kaburi, moshi, kivuli, njia. Akishindwa hatukanwi wala hachapwi. Hudaiwa mji tu, naye akishautoa huambiwa jibu, na mchezo huendelea. Hilo lilikuwa somo la wakati wa mapumziko, tena lilikuwa somo la watoto wote. Hapakuwa na ada wala cheti. Na mtoto mwepesi wa kufumbua hakuondolewa akapelekwa mahali pake peke yake. Wepesi wake ulikuwa faida ya wote waliokaa kitako pale.

Au tuuchukue msemo wa wakulima na mabaharia wa pwani, kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ndani ya maneno hayo mna elimu ya miaka mingi ya kutazama. Kile kishada cha nyota, ambacho jina lake limetokana na kulima, hupotea machoni petu magharibi wakati wa masika, kwa kuwa jua huwa limekikaribia. Kisha huonekana tena upande wa mashariki kabla ya mapambazuko ya mwezi wa Juni, wakati mvua zimekatika na kusi inavuma. Mtu wa kwanza aliyeligundua jambo hilo hakuligundua kwa usiku mmoja. Alitazama, akasahau, akatazama tena, akawauliza waliomtangulia. Huyo alikuwa mdadisi, na kijiji chake kilipanda mbegu kwa wakati kwa sababu yake. Mtoto wa leo anayerudi nyumbani likizo ya Juni anaweza kuamka alfajiri akakiona Kilimia kwa macho yake mwenyewe. Lakini ni watoto wangapi walioamshwa na mtu kwa ajili hiyo?

Ikiwa asili yetu ni hiyo, udadisi wa watoto hupotelea wapi? Tunasema kwamba mara nyingi hauondoki wenyewe. Huondolewa. Mfano maarufu wa nchi yetu ni ule wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari huko Magamba, alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Desturi ilikuwa maziwa yakishachemka yaachwe yapoe, ndipo yatiwe katika jokofu. Siku moja nafasi ndani ya jokofu ilikuwa haba, naye kwa kuchelea kuikosa akayatia maziwa yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu akakuta yake yameganda, na ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa bado ni mazito tu. Alipouliza sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia yake mwenyewe, si fizikia ya ulimwengu. Na wanafunzi wenziwe wakalifanya jambo hilo kuwa mzaha.

Baadaye Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifika shuleni hapo kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza mara nyingine, na wenziwe wakacheka. Mgeni yule naye hakuwa na jibu, lakini alifanya jambo ambalo waliomtangulia hawakulifanya: aliahidi kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao waliandika pamoja makala iliyochapishwa katika jarida la walimu wa fizikia huko Uingereza, na hata leo jambo hilo huitwa kwa jina la kijana huyo. Wataalamu wangali wakibishana kama hutokea siku zote, na kwa sababu ipi. Lakini hoja yetu haitegemei mwisho wa ubishi huo. Hoja yetu ni kwamba swali lile liliokoka kwa sababu mwenye nalo alikuwa mkaidi. Taifa haliwezi kuutegemea ukaidi wa mtoto mmoja mmoja. Kwa kila swali lililookoka, kuna maswali tusiyoweza kuyahesabu yaliyokufa katika Darasa la Pili au la Tatu, na wenye kuyauliza hata hawakumbuki kwamba waliwahi kuyauliza.

Hapo ndipo tunapoyafikia masomo ya likizo. Hoja ya kuyatetea ni nyepesi kueleweka. Darasa la kawaida lina muhtasari wa kumalizwa, lina kengele, lina watoto 60, 80, pengine zaidi ya 100, na mbele yake upo mtihani. Mwalimu anayeulizwa swali lililo nje ya somo hana budi kuchagua kati ya mtoto mmoja na ratiba yake, na mara nyingi ratiba hushinda. Hatumlaumu. Basi likizo ingeweza kuwa mahali ambapo swali lile lililonyimwa nafasi mwezi wa Machi linapewa nafasi mwezi wa Juni. Masomo ya namna hiyo yangestahili heshima yetu yote.

Lakini je, yanayoitwa masomo ya likizo leo ndiyo hayo? Tuseme kweli: mengi siyo. Mengi ni twisheni, yaani ni muhtasari ule ule, maswali yale yale ya mitihani iliyopita, na fimbo ile ile, isipokuwa sasa mzazi analipa. Mtoto hukaa kuanzia asubuhi hadi jioni akinakili majibu ya maswali ambayo hakuyauliza yeye. Tunaweza kumwongezea mtoto saa za kukaa darasani tusimwongezee elimu, kama vile mtu anavyoweza kuongeza maji katika mchuzi asiongeze chakula. Ndiyo maana jirani zetu wa Kenya, katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, walipiga marufuku kuwafundisha wanafunzi wakati wa likizo. Tena Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja katika kifungu chake cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Mchezo si adui wa akili. Mtoto aundaye gari la mabua, akaona kwamba magurudumu hayaendi sawa, akayatengeneza upya, yumo masomoni, ingawa hakuna aliyemwandikia somo hilo ubaoni.

Kwa hiyo lazima tutenganishe mambo mawili. Liko somo la likizo linalomtumikia mtihani, na liko somo la likizo linalolitumikia swali. La kwanza humchukua mtoto wasaa wake. La pili huutumia wasaa huo kwa kazi yake ya asili. Kuna kipimo chepesi cha kuyajua yote mawili: mtazame mtoto anapotoka. Je, anatoka akiwa na majibu tu, ama anatoka akiwa na swali ambalo asubuhi hakuwa nalo?

Kwa habari ya somo la namna ya pili, ulimwengu una mfano mmoja mkongwe. Mwaka 1825, katika taasisi ya sayansi ya London iitwayo Royal Institution, ilianzishwa mihadhara ya vijana wakati wa sikukuu ya Krismasi. Michael Faraday, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa zama zake, aliitoa mihadhara hiyo mara 19 kati ya miaka ya 1827 na 1860. Mfululizo wake mashuhuri, uliochapishwa kuwa kitabu mwaka 1861, ulihusu mshumaa. Aliuwasha mshumaa mbele ya vijana, kisha akawauliza nta inapanda vipi kwenye utambi, moto unakula nini, na kile kisichoonekana baada ya kuungua kimekwenda wapi. Mtaalamu ambaye angeweza kuzungumza juu ya mambo makubwa ya umeme alichagua kitu kilichokuwa katika kila nyumba, ili mtoto akirudi kwao akute somo linamngojea mezani.

Lakini Faraday mwenyewe alifikaje hapo? Alikuwa mtoto wa mhunzi, na shule aliyoisoma ilikuwa ndogo. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alitiwa katika kazi ya kujifunza kujalidi vitabu, akawa anavisoma vile alivyopewa kuvijalidi. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka hilo alimpa tiketi za kwenda kuisikiliza mihadhara ya Humphry Davy. Kijana akasikiliza, akaandika yote, akayajalidi maandishi yake, akampelekea Davy. Na mwaka uliofuata akapata kazi katika taasisi ile. Tuzitazame vizuri tiketi zile. Akili ilikuwa ya Faraday, na bidii ilikuwa yake. Mlango ulifunguliwa na mtu mwingine. Kama mteja yule asingepita dukani, Faraday angaliendelea kujalidi vitabu vya wengine maisha yake yote, wala hakuna ambaye angejua kilichopotea. Je, ni haki elimu ya mtoto maskini itegemee bahati ya mteja mwema?

Swali hilo lilitufika sisi wenyewe, nasi hatukulijibu vizuri. Miaka michache iliyopita, tukiwa katika shughuli za ofisi, tulihudhuria masomo ya likizo ya Juni yaliyoanzishwa na mwalimu mmoja katika kijiji cha pwani. Watoto walikuwa wa Darasa la Tatu hadi la Tano, kama 30 hivi. Hapakuwa na kitabu wala ubao. Mwalimu alisimamisha ufito wa urefu wa mita 1 katikati ya uwanja, akawaambia watoto waweke kijiwe pale ncha ya kivuli inapofika, na kila baada ya muda waweke kingine. Ilipofika saa 6 na nusu hivi, kivuli kilikuwa kifupi kuliko vyote vya siku ile. Watoto wakakipima kwa rula: kilikaribia sentimita 58, nacho kilielekea kusini kabisa.

Msichana mmoja wa Darasa la Nne, aliyekuwa amembeba mdogo wake mgongoni, akauliza, "Mwalimu, tumeambiwa saa sita jua liko utosini. Mbona basi kivuli kipo, na mbona kimekwenda kusini?" Mwalimu hakumjibu. Alimwuliza, "Kama kivuli kimekwenda kusini, jua liko wapi, mwanangu?" Mtoto akafikiri, akanyosha kidole upande wa kaskazini. "Je, hukaa huko siku zote?" Hapakuwa na aliyejua. Mwalimu akasema, "Basi tuache vijiwe vyetu mahali pake. Njooni Desemba, tuliulize jua lenyewe." Tulirudi mjini tumejaa furaha. Hapa palikuwa na somo lisilogharimu kitu, ambalo jibu lake lilihitaji miezi sita ya kungoja, na likizo zetu mbili zilikuwa zimepangwa kana kwamba kwa ajili yake. Kwa maana katika nchi yetu, mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa kaskazini mwetu, na mwezi wa Desemba huwa kusini mwetu.

Furaha hiyo ilizaa kamati. Ilionekana kwamba masomo yale ni mema, kwa hiyo yafaa yaendeshwe vizuri zaidi: yawe na uji, yawe na madaftari, mwalimu apewe chochote. Ikapendekezwa kila mtoto alipe mchango wa shilingi 5,000. Tuliombwa rai yetu, nasi tukasema kwamba kiasi hicho ni kidogo, hakuna mzazi atakayeshindwa. Tuliyasema hayo tukiwa tumekaa kwenye viti vyenye mito.

Mwezi wa Desemba tulikwenda tena. Ufito ulisimamishwa pale pale, na adhuhuri ilipofika watoto walipiga kelele: kivuli kilikuwa kimegeuka! Kilielekea kaskazini, na urefu wake haukuzidi sentimita 30. Tulitazama huku na huku tukimtafuta yule msichana, ili tuone uso wake. Hakuwapo. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba mama yake huuza maandazi, ana watoto wanne, na mchango hakuupata. Hakuna aliyemfukuza mtoto yule. Mwalimu alikuwa tayari kumpokea hivyo hivyo. Ila mtoto mwenyewe aliona haya kunywa uji ambao kwao hawakuuchangia, akabaki nyumbani kulea. Mwenye swali hakuwapo siku ya jibu. Na sisi tulikuwa miongoni mwa waliomfungia mlango, kwa neno moja jepesi, katika kikao ambacho tulidhani ni cha kumsaidia.

Tangu siku hiyo tumeyafikiri sana mambo haya, na haya ndiyo tunayoyaamini. Kwanza, si kweli kwamba watoto wadadisi ni kundi dogo la wateule ambao serikali au wazazi wenye uwezo wanapaswa kuwatafuta na kuwatenga. Kila mtoto mwenye afya njema huuliza. Tofauti iliyopo kati ya mtoto wa miaka minne na mtoto wa miaka kumi na miwili haikuletwa na maumbile peke yake. Imeletwa pia na majibu aliyopewa katika miaka minane iliyopita kati. Tunapowachagua wadadisi, aghalabu tunawachagua wale ambao bado hawajanyamazishwa, na hao mara nyingi ni wale waliozaliwa karibu na vitabu.

Pili, ipo hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Wako wasemao kwamba kumpa mtoto mmoja ziada, ilhali mwingine hana hata dawati, ni kujenga matabaka. Na kwamba afadhali ziada isiwepo kabisa. Wanaotoa hoja hiyo huikumbuka Elimu ya Kujitegemea ya mwezi wa Machi 1967, ambamo Mwalimu Julius Nyerere aliilaumu elimu iliyowatenga wachache na jamaa zao na kuwatia majivuno. Nasi twaikumbuka. Lakini maandishi hayo hayo yalitaja mambo matatu ambayo elimu yetu haina budi kuyakuza katika kila raia, na la kwanza lilikuwa akili yenye kudadisi. Kila raia: si raia mwenye kipaji, wala raia mwenye mchango. Basi usawa haudai kwamba ufito ung'olewe uwanjani kwa kuwa mtoto mmoja amekosa kuja. Wadai kwamba mtoto yule afuatwe.

Tatu, haki ya kusoma bila ya ada haitoshi ikiwa mtoto hana haki ya wasaa. Ada ya shule ya msingi iliondolewa kuanzia mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2016 elimu bila ada ikafika hadi Kidato cha Nne. Hayo ni mambo makubwa. Lakini likizo ya mtoto wa kike katika nyumba nyingi si likizo. Ni kisima, ni kuni, ni mdogo wake mgongoni. Kaka yake hupata saa mbili za kucheza kwa sababu yeye hapati hata moja. Tuliwalaumu Wayunani wa kale kwa wasaa uliobebwa na watumwa; tuitazame nyumba yetu wenyewe, tuone wasaa wa nani umebebwa na mgongo wa nani. Kazi za nyumbani ni elimu, na mtoto asiyejua kazi amepunjwa. Neno letu ni kwamba zigawanywe.

Wewe Mwalimu, usomaye makala haya huku likizo yako mwenyewe ni fupi na mshahara wako una kazi nyingi, hatukutaki uongeze mzigo. Twakuomba jambo moja tu. Lichukue swali moja ambalo mtoto alikuuliza muhula huu ukakosa nafasi ya kulijibu, mrudishie siku ya kufunga shule, umwambie alichunguze na akuletee habari. Na kama jibu hulijui, sema hulijui. Mwalimu anayesema "sijui, tutazame" hapungukiwi na heshima.

Nanyi vijana wa sekondari, mnaporejea nyumbani Juni na Desemba, nyinyi ndio mlio karibu zaidi na watoto hawa. Hamhitaji kibali wala mfuko wa fedha. Ufito mmoja, kamba, chombo cha maji, mbegu za kunde katika makopo mawili, moja juani na moja gizani; hayo yatosha kwa mwezi mzima. Wakusanyeni wadogo zenu chini ya mwembe, saa moja tu kwa siku, kazi zikishakwisha. Na kabla hamjaanza, wahesabuni, kisha mwulize nani hayupo, na kwa nini hayupo. Kama anamlea mdogo wake, na aje naye. Wosia huu tumeuweka katika ubeti mmoja, ili uwe mwepesi kukumbukwa:

Mtoto akiuliza, usimfunge kauli,
Jibu likikutatiza, kiri hujui kamili,
Pamoja mkichunguza, mtauona ukweli,
Mwana aliyenyamaza, kumzindua ni ghali.

Yule msichana wa pwani tulimfuata kwao kabla hatujaondoka siku ile ya Desemba. Tulimkuta uani, amempakata mdogo wake. Tulianza kumweleza kwamba kivuli kimegeuka. Akatusikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba anajua. Alikuwa amesimamisha mti wake mwenyewe pale uani, nyuma ya jiko. Alilotaka kulijua sasa ni kama iko siku katikati, kati ya Juni na Desemba, ambapo mti hauna kivuli kabisa. Ipo siku hiyo. Kwa pwani ile ni kwenye siku za kwanza za Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Tulikuwa tukilijua jibu, na tulikuwa na haraka ya gari. Safari hii hatukumwambia. Tuliketi juu ya kinu, tukamwuliza yeye anaonaje.